Baruti ya moto si ile ya asubuhi

"Mbona juzi iliangushwa na haikulipuka?" Machimboni Ruangwa na kwingineko, swali hili lina jibu fupi: juzi ilikuwa ya baridi.

Baruti nyingi za kiwandani hutengenezwa zistahimili misukosuko ya kawaida, katika joto la kawaida. Ndani yake mna vitobo na nyufa ndogo mno. Mshtuko ukipita, vitobo hubonyea ghafla na pale pale joto hupanda vibaya sana. Baruti ikiwa ya baridi, joto hilo huweza kutawanyika likafa. Ikiwa imeshapashwa, mshtuko mdogo tu unatosha kuilipua. Hata TATB, baruti ya kijeshi inayosifika kwa ukaidi wa kulipuka, ikipashwa hadi nyuzijoto 250 hulipuka kwa mshtuko hafifu kuliko ikiwa ya baridi. HMX, baruti nyingine ya kijeshi, nayo ikifika 165 hivi, fuwele zake hubadilika umbo na kuachia nyufa. Kuipoza hakuzibi nyufa hizo.

Jua la Lindi, hata la Novemba, halifikishi joto hilo. Lake ni balaa jingine: dainamaiti ya naitrogliserini iliyokaa sana chini ya bati hutoa jasho, na jasho lile ni naitrogliserini yenyewe, isiyovumilia kugongwa. Boksi lenye madoa ya mafuta haliinuliwi, wala halifunguliwi kuangalia kuna nini. Baruti za chupa za wavuvi haramu sizisemei. Hazina kipimo chochote, kwenye jua wala kivulini.

Joto kubwa liko kwenye moto. Huku kusini walipigana Wajerumani na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia; Mahiwa peke yake, Oktoba 1917, mizinga ilinguruma siku nne. Kombora la vita hivyo likiokotwa shambani likapelekwa kwa mhunzi kama chuma chakavu, litatiwa kwenye makaa, kisha nyundo. Yaani joto kwanza, mshtuko baadaye, kwa mpangilio mbaya kuliko yote. Kutu haimaanishi limekufa.

Stoo ya baruti ikishika moto, ndoo za maji ziacheni. Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, zimamoto waliitwa kwenye moto wa ghala la bandarini. Tani zipatazo 2,750 za amonia naitreti, kemikali ya mbolea na baruti, zikalipuka wakiwa pale pale. Ondokeni wote, mbali, nyuma ya kitu kizito, mkae mbali na madirisha ya vioo, ndipo mpige 114 au 112. Aliyeokota kitu cha kutilia shaka asikibebe kwenda nacho polisi. Akiache palepale, aweke alama kwa mbali, polisi wakifuate wenyewe.