Jina kuwa wazi, jina kuwa lako: maana ya kufanya sachi kwa Msajili

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Simama kidogo Biashara Street hapa Mombasa usikilize wanunuzi: kabla ya bei, mama huinua kipande, akakisogeza kwenye mwanga na kuuliza, "Hii jina lake lasemaje?" Jina likiwa baya ataiacha, hata kama rangi zimempendeza. Mtu aliyelelewa katika mji kama huu hahitaji kufunzwa uzito wa jina. Hata hivyo kila mwaka naona watu wa mji huuhuu wakichapisha mabango, mifuko na vibandiko kwa jina ambalo baadaye Msajili, yaani ofisi ya serikali inayoandikisha biashara na kampuni, analikataa, na wengine wakituma pesa kwa "kampuni" ambayo hakuna aliyekwenda kuichungulia daftarini. Dawa ya mambo yote mawili ni moja, na watu wa saiba, vile viduka vya intaneti, huiita sachi.

Sachi ni swali unalomuuliza Msajili. Sachi ya jina huuliza: jina hili bado liko wazi, naweza kulisajili? Sachi ya kampuni huuliza: huyu anayejiita hivi yupo kweli, na nyuma yake wako kina nani? Daftari ni lilelile. Anayeuliza swali la kwanza anataka kuingia humo. Anayeuliza la pili anataka kumjua aliye ndani.

Daftari lenyewe hutunzwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Kampuni. Majina ya biashara ya kawaida yana sheria yake ya tangu enzi za ukoloni, Sura ya 499. Zamani faili hizi zilikuwa Sheria House, Nairobi. Mtu wa Mombasa alipanda basi la usiku, au alimlipa wakala amwendee na kukaa akisubiri habari. Siku hizi swali linaulizwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hata ukiwa umesimama Likoni ukingoja feri, na asiyezoea mitandao huenda Huduma Centre akasaidiwa.

Jirani yangu wa Majengo hutengeneza achari ya ndimu na ya maembe, na kwa miaka watu wamekuwa wakiifuata nyumbani kwake. Alipoamua kuipeleka madukani alianza na vibandiko. Akavichapisha vingi, vizuri, vyenye rangi. Duka moja likamwambia halipokei bidhaa ya mtu asiye na cheti, ndipo akaomba jina. Likakataliwa. Akanipigia simu kwa uchungu.

"Mwanangu, waniambia jina langu lishachukuliwa. Limechukuliwaje na mimi ndiye niliyelitunga?"

"Shikamoo mama. Hawakusema umeiba. Wamesema kuna mwenzio aliyetangulia kuliandikisha."

"Mwenzangu yupi? Achari hii hapa mtaani naipika mimi peke yangu."

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndiyo maana yenyewe ya dhana hii. Msajili haulizi nani alitunga jina, wala nani anajulikana mtaani. Hutazama daftari la nchi nzima. Mtu wa Kisumu ambaye hujawahi kumsikia, anayeuza kitu ambacho hakifanani hata kidogo na chako, akiwa ametangulia na jina hilo au linalokaribiana nalo sana, basi mlango umefungwa. Ndiyo sababu sachi hutangulia bango, na hutangulia hata kumwambia shemeji yako mwenye kompyuta akuchoree nembo.

Neno "kukaribiana" ndilo huwatesa watu. Wengi hudhani wakigeuza herufi moja wameliponya jina: Bahari likawa Bahary, au Viungo likawa Viungoo. Msajili husoma kwa jicho na kwa sikio. Majina mawili yakitamkwa sawa, mteja atayachanganya, na kumkinga mteja asichanganyikiwe ndiyo kazi ya kizuizi hiki. Kuongeza "Limited" mwishoni hakuokoi kitu, kwa kuwa hilo ni neno la kueleza aina ya shirika tu. Na maneno kama Pwani, Bahari, Coast na Mvita yamejaa daftarini kama magari yalivyojaa Makupa jioni. Ukiyategemea peke yake, tegemea kukataliwa. Mimi huwashauri watu watafute neno la nyumbani: jina la utani la nyanya, mti uliokuwa uani, neno la Kimvita ambalo vijana wameanza kulisahau. Majina ya namna hiyo hupita kwa wepesi, na tena hukumbukwa.

Yapo pia maneno yenye mlinzi. Huwezi kujiita benki bila idhini ya wanaosimamia mabenki. Bima ni hivyohivyo, chuo kikuu ni hivyohivyo, na jina linalomfanya mtu adhani biashara yako ni ya serikali halitapita. Jina la matusi nalo sheria imelikataza.

Kwa hivyo usiende na jina moja. Nenda na matatu au manne, uyapange kwa kadiri unavyoyapenda. Mara ya mwisho nilipomsaidia mtu, ada ilikuwa shilingi 150 kwa kila jina, pesa ambayo haifikii nauli ya kwenda Mtwapa na kurudi. Malipo yote ya serikali yalielekezwa mwaka 2023 yapitie nambari moja ya malipo, 222222. Mtu akikupa nambari yake ya simu akisema ndiko ada ya Msajili inakolipwa, ada hiyo ni yake.

Jina likikubaliwa, watu wengi hushangilia mapema. Kukubaliwa kwa jina la kampuni maana yake ni kwamba limewekwa akiba kwa siku 30, na unaweza kuomba muda huo uongezwe. Ni kama kuweka kanga juu ya kiti harusini: kiti kinakungoja, ila ukikawia sana mwingine atakalia. Katika siku hizo ndipo unapotakiwa kukamilisha usajili. Nimeona watu wakipiga picha ujumbe wa kukubaliwa, wakauweka kwenye simu, wakarudi baada ya miezi mitatu na kukuta jina limeshakwenda kwa mwingine.

Hapa nikae kidogo, maana watu huita kila kitu "kampuni". Jina la biashara ni kofia anayovaa mtu. Wewe ni wewe, na biashara ni wewe. Ikidaiwa, unadaiwa wewe, mpaka friji ya nyumbani. Cheti chake kina nambari inayoanza na BN, na sheria inataka ukitundike mahali pa biashara panapoonekana. Kampuni ni kiumbe kingine mbele ya sheria. Ina mali yake na madeni yake, hushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na tangu Sheria ya mwaka 2015 hata mtu mmoja peke yake anaweza kuianzisha. Nambari za kampuni binafsi za sasa huanza na PVT. Za miaka ya nyuma kidogo utaziona zikianza na CPR zikifuatwa na mwaka. Mtu akikuambia "sisi ni kampuni" huku karatasi yake ina BN, si lazima awe mwongo, huenda hajui tofauti. Ila wewe unayempa pesa unapaswa kuijua, kwa kuwa inakuonyesha utamshika nani mambo yakiharibika.

Sasa swali la pili, la kumjua aliye ndani. Karatasi inayojibu huitwa CR12. Huombwa kwa Msajili, nayo huonyesha jina kamili la kampuni, nambari yake, anwani iliyosajiliwa, wakurugenzi ni nani, wenyehisa ni nani, na kila mmoja ana hisa ngapi. Niliyoiomba mwisho ilinigharimu shilingi 650. Mabenki huidai unapofungua akaunti ya kampuni, na wanaotangaza zabuni huidai. Wote hutaka iliyotolewa karibuni, kwa kuwa wakurugenzi hubadilika na karatasi ya juzi haijui ya leo. Mwananchi wa kawaida anayenunua kiwanja Bamburi kwa kampuni, au anayelipa rubuni ya gari lililoko njiani kutoka Japan, huona karatasi hiyo ni ya wakubwa. Hapana, ni yake pia. Mtu anayekuomba laki mbili hawezi kukasirika kwa wewe kutaka kumjua, na akikasirika, hasira hiyo ni jibu.

Ukiipata, usome jina la mkurugenzi na umtazame uliyekaa naye mezani. Je, ni mmoja wa hao? Kama si yeye, ana barua ya kumruhusu kutia saini? Akaunti unayoambiwa uweke pesa ina jina la kampuni au la mtu? Maswali haya matatu huchukua dakika tano.

Jambo la kuwa makini nalo ni jina la kutafutia. Bango na daftari mara nyingi havisemi kitu kimoja. Mfano mzuri uko pale pale Biashara Street. Kila mvaa leso anaijua "Mali ya Abdulla", maneno yaliyochapwa kwenye nguo, na ndiyo watu huyaulizia. Kampuni yenyewe, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1887, inaitwa Kaderdina Hajee Essak. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Ni duka lililopendwa mpaka watu wakalipa jina la mdomoni. Lakini atakayekwenda kwa Msajili na jina la mdomoni anaweza kurudi mikono mitupu na kudhani duka halipo. Omba nambari ya usajili. Nambari haina jina la utani.

Kutopatikana pia kusikufanye umhukumu mtu haraka. Biashara nyingi za zamani ziliandikishwa kwa karatasi, na wenyewe walitakiwa baadaye kuziunganisha na akaunti zao za eCitizen. Wazee wengi hawakufanya hivyo. Mwenye cheti cha zamani mwambie aanze na hilo la kuunganisha. Kwa upande mwingine, kampuni yaweza kuwa ilisajiliwa kihalali na sasa imefutwa, labda kwa kuwa iliacha kupeleka taarifa zake za kila mwaka. Notisi za kufutwa kwa kampuni hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Cheti cha kampuni iliyofutwa hubaki kimetundikwa ukutani kinang'aa vilevile, kwa hivyo macho peke yake hayatoshi.

Na sachi ikirudi safi kabisa, imekuambia nini? Imekuambia kwamba kampuni ipo na wenyewe ni hawa. Haijakuambia kwamba ina pesa, wala kwamba ni waaminifu, wala kwamba inaruhusiwa kufanya inachokifanya. Hili la mwisho linaniuma, maana limewaumiza vijana wa hapa kwetu, hasa wasichana wanaotafuta kazi za Ghuba. Wakala huwaonyesha cheti cha kampuni, cha kweli, chenye muhuri, na familia huuza hata mbuzi ili ada ilipwe. Cheti hicho ni cha kuzaliwa kwa kampuni tu. Ruhusa ya kupeleka watu ng'ambo hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ambayo huweka hadharani orodha ya mawakala wenye leseni. Angalia jina huko pia, herufi kwa herufi, kabla pasipoti haijatoka mkononi. Vivyo hivyo leseni ya duka hutoka kwa Kaunti ya Mombasa, si kwa Msajili, na mwenye kibali cha Kaunti peke yake hajasajili jina.

Jina lililosajiliwa nalo si alama ya biashara. Jirani yangu aliponiuliza kama sasa hakuna atakayeweza kuweka jina lake kwenye chupa nyingine, nilimwambia ukweli: usajili wa jina unamzuia mwingine asiliandikishe kwa Msajili, ila kinga ya jina na nembo juu ya bidhaa huombwa KIPI, taasisi ya mali ya viwandani, chini ya Sheria ya Alama za Biashara. Ikikubaliwa hudumu miaka 10 na huweza kufanywa upya. Huko nako wana sachi yao, na kwa mtu wa chupa na vibandiko ningeifanya siku ileile.

Yeye mwishowe alipata jina. Aliliokota kwa marehemu mamake, aliyemfunza kuanika ndimu juani kwa siku zake kamili kabla ya kuzitia pilipili. Tulituma majina matatu, hilo likiwa la kwanza, na likapita. Vibandiko vya zamani amevigeuza upande wa nyuma na kuandikia tarehe za kupika.