Tiba ya dawa kwa kijana mwenye uraibu wa pombe

Ni matumizi ya dawa za hospitali kumpunguzia kijana hamu ya pombe au kumwezesha kukaa bila kunywa, huku akiendelea na ushauri nasaha. Dawa peke yake haitoshi. Kwa umri huu ushauri, hasa ule unaoishirikisha familia, ndio uti wa mgongo wa matibabu.

Zinazojulikana zaidi ni tatu: naltreksoni, akamprosati na disulfiramu. Nchini Marekani zote zimeidhinishwa kwa watu wazima tu, kwa sababu tafiti kwa walio chini ya miaka 18 ni chache na ndogo. Daktari bado anaweza kumwandikia kijana, akishapima faida na hatari.

Naltreksoni huziba vipokezi vya ubongo vinavyohusika na raha ya pombe. Kijana akinywa, haoni ule utamu aliouzoea, na hamu hupungua taratibu. Ini lake lipimwe kwanza. Kama anatumia pia kodeini, morfini au heroini, naltreksoni itamtia ghafla arosto kali, yaani mateso ya kukosa dawa hizo, kwa hiyo daktari lazima aelezwe ukweli wote. Akamprosati husaidia zaidi aliyekwisha kuacha asirudie. Hiyo hutolewa mwilini kupitia figo.

Disulfiramu ndiyo inayonitia hofu. Huzuia mwili kumaliza kuvunja pombe, sumu iitwayo asetaldehidi ikarundikana: uso unawaka, moyo unakwenda mbio, anatapika, presha inashuka. Mzazi aliyechoka anaweza kushawishika kumtilia mwanawe kwenye chakula kwa siri. Tafadhali, usifanye hivyo. Asiyejua kwamba amemeza dawa hii hana sababu ya kuepuka pombe, na akinywa anaweza kufa. Hatari hiyo hubaki hadi siku 14 baada ya dozi ya mwisho.

Kuna pia dawa za siku za mwanzo za kuacha, na hizi ni habari nyingine kabisa. Kijana anayekunywa sana kila siku akikatishwa ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege au kuweweseka. Huyo asifungiwe chumbani. Apelekwe hospitali, ambako hupewa dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini kwa muda mfupi, na vitamini B1.

Daktari makini atauliza pia kuhusu sonona, wasiwasi na maumivu ya nyumbani. Vijana wengi hunywa ili kuyatuliza hayo, na yasipotibiwa, hamu ya pombe hurudi hata kama vidonge vinamezwa kila asubuhi.