Muhtasari ni mmoja, mtihani wa kata ni mwingine: dhana potofu kuhusu ulinganifu

Shule za msingi za Halmashauri ya Wilaya ya Moshi zimetapakaa kuanzia tambarare za Kahe na Arusha Chini hadi Kibosho na Marangu, kule mlimani. Zote zinatumia muhtasari (mwongozo wa yanayopaswa kufundishwa) wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na watoto wake wote watakalia mtihani wa Baraza la Mitihani. Ndiyo maana neno ulinganifu, yaani kinachoandikwa kwenye muhtasari, kinachofundishwa na kinachopimwa viendane, likitajwa kwenye kikao cha walimu wa taaluma (wasimamizi wa masomo shuleni), wengi huona limeshatimia. Yanayosemwa mara nyingi ni haya.

“Muhtasari ni mmoja nchi nzima, tumeshalingana.”

Kilicho kimoja ni maandishi. Kati ya muhtasari na karatasi ya mtihani kuna azimio la kazi (mpango wa mada kwa wiki na miezi), andalio la somo (mpango wa kipindi), ubao na daftari, na umahiri (anachotakiwa mwanafunzi aweze kufanya) unaweza kubadilika sura katika kila kituo. Ukitaka kujua umebadilikia wapi, fuata kitenzi. Tuseme umahiri unamtaka mwanafunzi wa Darasa la III apime urefu wa vitu. Kwenye muhtasari kitenzi ni kupima. Kwenye andalio kimekuwa “kueleza vipimo vya urefu”. Ubaoni imebaki m 1 = sm 100. Jaribio la mwisho wa mwezi linasema: badili m 3 kuwa sm. Mtoto anapata alama zote na hajawahi kushika rula. Maandalio yapo, yamesainiwa, na Mwalimu Mkuu akiyapitia haraka haoni kasoro.

Muhtasari wa mtaala mpya una safu ya vigezo vya upimaji. Ndiyo inayorukwa kirahisi azimio linaponakiliwa kutoka simu hadi simu. Nakili kigezo hicho kwanza kwenye andalio, kisha ndipo upange kipindi. Rula zisipotosha, kamba ya mgomba iliyokatwa mita moja kwa futi ya fundi cherehani na kutiwa alama kila sm 10 inatosha kundi la watoto watano.

“Kulingana ni shule zote kuwa ukurasa mmoja siku moja.”

Masika ya Machi hadi Mei hayanyeshi kwa ratiba ya wilaya. Njia za mlimani zinakuwa utelezi, tambarare zinajaa maji, na shule moja inaweza kupoteza siku nne ambazo jirani yake hakuzipoteza. Ratiba isiyo na nafasi humlazimisha mwalimu kuruka, na anachokiruka kwanza ni kazi ya vitendo kwa sababu inakula muda. Kinachotakiwa kufanana ni mfuatano wa umahiri na vituo vya kupimia. Mgao wa wiki tano unafaa: nne za kufundisha, moja ya kurudia na kupima. Aliyechelewa anafidia hapo.

“Tuna moko ya pamoja, hilo ndilo ulinganifu.”

Hapa ndipo mambo huharibika zaidi, na huharibika kimya kimya. Moko ya kata (mtihani wa majaribio) ikitungwa usiku mmoja kwa kuchota maswali kwenye pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita), inapima alichokumbuka mtunzi. Mfano wa kawaida ni karatasi ya Julai yenye mada ambazo azimio limezipanga Septemba. Shule iliyofuata azimio inafeli, iliyokimbiza mada inaongoza. Mwaka unaofuata walimu wote wameshajifunza: azimio linabaki kabatini, linalofundishwa ni moko. Sidhani kama kuna waraka unaoweza kushindana na somo hilo.

Dawa yake ni jedwali la utahini, lijazwe kabla ya swali la kwanza kuandikwa. Orodhesha umahiri mahususi uliokwisha kufundishwa hadi wiki ya mtihani, na usiongeze mwingine. Mbele ya kila mmoja andika idadi ya vipindi vilivyotengewa na muhtasari. Jumla ikiwa vipindi 90 na umahiri mmoja una vipindi 18, huo ni asilimia 20. Kwenye karatasi ya alama 50 unastahili alama 10. Kisha gawa hizo 10: ngapi za kukumbuka, ngapi za kuelewa, ngapi za kutumia. Safu ya kutumia ikibaki tupu, rudi kwenye vitenzi. Mwishowe mtu ambaye hakutunga afanye mtihani wote kwa saa. Akikwama mahali kwa sababu ya maneno ya swali, swali hilo liandikwe upya.

Usahihishaji nao una tundu lake. Shule ikisahihisha yenyewe bila mwongozo, jibu lilelile linapata alama 3 huku na 1 kule. Kabla ya kuanza, wasahihishaji wachukue karatasi kumi, kila mmoja azisahihishe peke yake bila kuandika juu yake, ndipo walinganishe. Wakitofautiana kwa zaidi ya alama mbili au tatu kati ya 50, mwongozo haujakamilika: uongezewe majibu yanayokubalika.

“Wastani wa shule unaonyesha tatizo liko wapi.”

Wastani unaonyesha kwamba lipo. Mahali lilipo panaonekana kwenye swali mojamoja. Chora gridi: majina kushuka chini, namba za maswali kwenda kulia, weka 1 kwa aliyepata na 0 kwa aliyekosa, kisha jumlisha kila swali kushuka chini. Darasa la watoto 45 na maswali 20 ni visanduku 900; walimu wawili, mmoja akisoma na mwingine akijaza, wanamaliza mchana mmoja.

Halafu weka gridi za kata pamoja. Swali lililokosewa na shule zote, lishuku lenyewe kwanza, kisha mfuatano wa azimio: pengine umahiri huo haukufikiwa popote. Lililokosewa na shule moja tu linahusu ufundishaji wa pale, na jambo la kufaa ni mwalimu wa shule iliyofanya vizuri kuonyesha kipindi chake kwenye jumuiya ya kujifunza ya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini). Darasa likigawanyika nusu kwa nusu kwenye swali, ni suala la makundi ya rimidio (mafunzo ya ziada kwa waliobaki nyuma). Kupanga shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho na kubandika orodha ukutani hakutofautishi haya matatu.

“Kusimamia ulinganifu ni kazi ya Wathibiti Ubora.”

Wathibiti Ubora (wakaguzi wa shule), Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani wako chini ya Wizara ya Elimu. Uendeshaji wa shule zenyewe uko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kupitia halmashauri. Kwa hiyo anayeandika mtaala, anayetahini na anayeendesha shule hawakai ofisi moja. Nyuzi hizo hukutania shuleni, kwa mwalimu wa taaluma, na ngazi ya kata kwa Afisa Elimu Kata. Wao wasipozifunga, hakuna wa juu atakayezifunga kwa niaba yao.

“Vitabu vipya vimeshafika, mtaala mpya umeanza.”

Umeanza kwa madarasa fulani. Utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa Awali, Darasa la I na la III, na unapanda mwaka hadi mwaka. Walioingia la III mwaka huo watahitimu Darasa la VI mwaka 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la mtaala wa zamani litahitimu la VII. Hadi hapo, ofisi moja ya walimu ina mihtasari ya aina mbili mezani, na mwalimu anayefundisha madarasa mawili anaweza kushika wa zamani asubuhi na mpya mchana.

Hapo ndipo mtunzi wa moko huchanganya. Chapa jina la mtaala kwenye kichwa cha kila azimio na kila jedwali la utahini. Faili za mitaala miwili zisikae kwenye flashi moja bila folda mbili, kwani “Hisabati muhula I” ya zamani na mpya zinafanana jina hadi unapozifungua.