Zege Halikomai kwa Kukauka

"Slabu si imeshakauka? Mbona bado mnaimwagia maji?"

Swali hili naulizwa na wenye nyumba Mamboleo, wenye maduka Kondele, mitaa ya Kisumu, na wenye gereji huko Nakuru. Anayeliuliza huwa ameshamwambia mlinzi afunge mfereji, kwa sababu maji yanauzwa na slabu inaonekana ngumu. Baada ya muda ananipigia simu kwamba sakafu inatoa vumbi kila ikifagiwa. Nimelijibu swali hili mara nyingi kwa kifupi, sasa acha nilijibu kwa kirefu.

Zege halipati nguvu kwa kukauka. Saruji ikikutana na maji huanza mmenyuko wa kikemikali unaozalisha fuwele ndogo sana, na fuwele hizo ndizo zinazoshika mchanga na kokoto vikawa kitu kimoja. Mmenyuko huo hutumia maji. Maji yakikosekana, unasimama, hata kama nusu ya saruji uliyoinunua bado haijafanya kazi. Baadhi ya nguzo za madaraja humwagwa chini ya maji na hukomaa humo humo bila kuliona jua. Kwa hiyo slabu iliyogeuka nyeupe kesho yake saa sita mchana haijakomaa. Imeachwa na kiu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtu huyo huyo anayebana maji baada ya kumwaga ndiye aliyeyaachia yamwagike bila kipimo wakati wa kukoroga. Mfuko wa kilo 50 unahitaji takriban lita 25 za maji, pengine 27, ukitaka zege zuri la sakafu. Vijana wa toroli wanataka zege linaloteremka lenyewe, basi wanaongeza mtungi nusu, na fundi ananyamaza kwa sababu kazi inakwenda haraka. Ukifika lita 35 kwa mfuko, nguvu ya zege inaweza kushuka kwa theluthi nzima. Maji ya ziada hayatumiwi na saruji. Yanapanda juu, yanatoka, na yanaacha vinyweleo vitakavyopitisha unyevu na mafuta kwa miaka yote ya jengo hilo. Kumbuka pia mchanga ulionyeshewa usiku tayari umebeba maji. Katika mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mchanga uliolowa kidogo tu unaweza kuleta lita tano au zaidi kwa kila mfuko wa saruji. Kipimo cha jana si kipimo cha leo.

Basi nasema hivi kila mjengo: maji machache ndani ya mchanganyiko, maji mengi juu ya slabu.

Mengi kiasi gani? Siku saba mfululizo ndizo za chini kabisa. Katika siku hizo zege lililotunzwa hufikia takriban theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28. Ila saruji nyingi inayouzwa madukani kwetu ni ya daraja la nguvu la 32.5 iliyochanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, na hiyo hukomaa polepole zaidi. Ukiitumia, nenda siku kumi hadi kumi na nne. Si saruji mbaya hata kidogo. Inataka subira tu. Soma maandishi ya mfuko kabla ya kubishana na mtu kuhusu jina la kampuni.

Tena kumwagilia asubuhi na jioni peke yake hakutoshi. Kisumu, jua la saa saba likisaidiwa na upepo unaotoka ziwani huifanya slabu ikauke muda mfupi baada ya kumwagiwa. Nakuru kuna ubaridi unaodanganya watu, lakini upepo mkavu wa Januari na Februari unafyonza unyevu vilevile. Kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, huifanya ngozi ya zege itanuke na kujikunja hadi ipasuke. Ninachokishikilia mimi ni magunia ya katani yaliyoloweshwa, yakatandazwa slabu nzima, kisha yakafunikwa kwa karatasi ya nailoni iliyowekewa mawe pembeni. Gharama yake ni ndogo, magunia yanahamia mjengo mwingine, na maji yanayotumika ni machache kuliko ya kurusha kwa mpira. Kama magunia hayapatikani, jenga kingo za udongo kuzunguka slabu uache maji yatuame. Anza mara uso unapokuwa mgumu kiasi cha kutoshika alama, usisubiri kesho. Na zege lenyewe limwagwe alfajiri. Fundi anayeanza kumwaga saa tano mchana wa jua kali anajitafutia nyufa kabla hajaweka chini mwiko.

Mengine ninayoambiwa nayapitia haraka.

"Ukiweka BRC slabu haitapasuka." BRC ni wavu wa chuma. Wavu hauzuii ufa kuanza, unaushika usipanuke. Na hauwezi kuushika ukiwa umelala chini kabisa, juu ya nailoni iliyotandazwa ardhini. Katika slabu ya ardhini wavu unakaa nusu ya juu ya unene, umeinuliwa kwa vipande vya zege au viti vya chuma. Kuuvuta kwa kulabu huku watu wanaukanyaga ni kazi bure, unarudi chini nyuma yao. Slabu ya ghorofa ni hesabu nyingine, huko vyuma vikuu vya katikati ya chumba vinakaa chini, na mchoro wa mhandisi ndio unaofuatwa.

"Zege zuri halina ufa." Zege lote hujikunja likikomaa. Kazi yetu ni kuuchagulia ufa mahali pa kupita. Slabu ya milimita 100 inakatwa mistari kila mita mbili na nusu hadi tatu, kina cha robo ya unene, ndani ya saa 24. Ghala au kinu cha posho bila mistari hiyo kitajikatia chenyewe, tena katikati ya njia ya mikokoteni.

"Udongo mweusi? Nitaongeza unene." Hapana. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kuanzia pembe za Kisumu hadi Ahero, huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, na nguvu yake huinua nyumba nzima. Inchi mbili za zege haziusumbui. Uchimbwe wote utolewe, ujaze murram na kushindilia tabaka la milimita 150 kwa tabaka, au kama umeenda chini sana, mhandisi akupe slabu inayobebwa na mihimili. Nakuru shida ni tofauti: udongo wa volkano ni mwepesi, ukilowa unabonyea. Huko mifereji ya kuyaondoa maji ya paa mbali na msingi ina thamani kuliko mfuko wa ziada wa saruji.

"Sakafu ikitoa vumbi, piga niru." Niru, yaani saruji laini ya kumalizia, ikipigwa juu ya ngozi dhaifu hubambuka nayo pamoja. Ngozi hiyo mara nyingi ilitokana na fundi kunyunyiza saruji kavu juu ya maji yaliyopanda ili amalize mapema. Ikwanguliwe mpaka zege zima lionekane, ndipo uweke tabaka jipya, nalo ulitunze kwa maji vilevile.

Kuhusu ufa uliokwisha tokea: chora mstari wa penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, urudi baada ya mvua. Usipopita mstari, ujaze ili maji na mafuta yasifike kwenye chuma. Ukiupita, usiujaze chochote kwanza. Tafuta maji yanaingia wapi chini ya slabu. Na wenye gereji, wacheni kuosha mafuta kwa asidi. Asidi hula saruji. Mwagia vumbi la mbao lifyonze, kisha sabuni na brashi ngumu.