Mdai wa mchoraji hanyamazi

Watu wakisikia kwamba naandika wasifu wa wachoraji, hudhani nashinda mbele ya picha nikisoma moyo wa aliyeichora. Picha natazama, tena sana. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii iko kwenye karatasi zisizo na uzuri wowote: mikataba, kesi, wosia, hati za madeni, orodha za mali ya marehemu. Mchoraji anaweza kunyamaza maisha yake yote. Anayemdai hanyamazi.

Chukua Johannes Vermeer wa Delft, Uholanzi. Hakuna barua yake hata moja iliyosalia, wala shajara, na aliyemfundisha kazi hajulikani. Picha zake zilizobaki ni kama 35 hivi. Kwa muda mrefu aliitwa fumbo, na fumbo huuza vitabu. Kisha akatokea John Michael Montias, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Yale aliyekuwa amezoea kuchambua uchumi wa nchi za kikomunisti, akazama kwenye nyaraka za Delft jinsi mkaguzi anavyoingia kwenye vitabu vya hesabu. Kitabu chake kuhusu Vermeer na watu waliomzunguka kilitoka mwaka 1989, na hadi leo hukwepi kupita hapo.

Tazama vipande vitatu tu. Mwaka 1657 Vermeer na mkewe walikopeshwa gilda 200 (gilda ni fedha ya Uholanzi ya wakati huo) na mtu mwenye uwezo mjini, Pieter van Ruijven. Mwaka 1665 Maria de Knuijt, mke wa Van Ruijven, alimtengea Vermeer gilda 500 katika wosia. Mwaka 1696 picha 21 za Vermeer zilipigwa mnada Amsterdam, na nyingi zinaelekea kuwa zilitoka kwenye mali ya mkwe wao. Kila hati peke yake ni kavu. Ziweke pamoja, na unaanza kuona nyumba moja iliyonunua sehemu kubwa ya kazi zake. Hapo unaelewa alivyomudu kuchora polepole vile, na kwa nini nje ya Delft hakuvuma: picha zenyewe zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa mtu.

Alifariki Desemba 1675, akiwa na miaka 43, akaacha watoto 11. Mwezi uliofuata mjane wake, Catharina Bolnes, alimkabidhi mwoka mikate picha mbili kwa deni la zaidi ya gilda 600. Ndiyo, mkate. Baadaye akaeleza kwamba tangu vita na Ufaransa mumewe alikuwa hauzi kitu. Februari 1676 karani alipita chumba kwa chumba akiandika mali. Kwenye chumba cha juu cha mbele alikuta stendi mbili za kuchorea, paleti tatu, turubai kumi, meza, na vikorokoro ambavyo aliona havistahili kuorodheshwa kimoja kimoja. Kwa hivyo vikorokoro ningetoa sura nzima ya kitabu changu.

Hapo mwandishi wa wasifu ndani yangu hufurahi. Mwanahistoria wa sanaa ndiye hunibana, kwa sababu anajua maisha ya mtu yakishajulikana yana tabia ya kuimeza picha. Mfano ninaoutumia kila mara ni Artemisia Gentileschi, mchoraji wa Italia. Mwaka 1612 mchoraji Agostino Tassi alishtakiwa Roma kwa kumbaka, na binti huyo akatoa ushahidi huku vidole vyake vikibanwa kwa kamba ili ithibitike kwamba hasemi uongo. Artemisia huyohuyo alichora Judith, mjane wa hadithi ya Biblia, akimkata kichwa jemadari wa adui, Holofernes, damu ikitiririka kwenye shuka. Wengi wameridhika hapo: amelipiza kisasi kwa brashi.

Siwezi kukana kabisa. Ila mchoraji mwingine wa Italia, Caravaggio, alikuwa amechora tukio hilohilo zaidi ya miaka kumi kabla, na wanunuzi walilipenda. Mchoraji aliyehitaji kula angelichora hata kama hakuna aliyemgusa. Ukiisoma picha kama hati ya mashtaka, huoni tena jinsi mikono inavyokutana kwenye kichwa kimoja, wala jinsi mjakazi alivyofanywa kijana mwenye nguvu anayeshiriki kazi, wakati kwa Caravaggio ni kikongwe anayesubiri na kitambaa. Hayo ni maamuzi ya fundi. Na mimi namwona Artemisia vizuri zaidi kwenye barua zake za mwaka 1649 kwa mnunuzi wake wa Messina, Antonio Ruffo. Anagombea bei, anakataa kutuma michoro ya awali, maana mteja mmoja aliwahi kuchukua wazo lake akampelekea mchoraji mwingine wa bei nafuu. Huyo ni mtu wa soko, mkali, asiyeomba kuhurumiwa.

Hadithi tamu ni ugonjwa wa zamani katika fani hii. Giorgio Vasari, mchoraji na mwandishi wa Italia ambaye wengi wetu tunamhesabu kama babu, alichapa maisha ya wasanii mwaka 1550, akayapanua mwaka 1568. Anatueleza kwamba mchoraji Andrea del Castagno alimuua mchoraji mwenzake Domenico Veneziano kwa wivu. Castagno alifariki 1457. Domenico, 1461. Kuziweka tarehe mbili sambamba ni kazi ya dakika tano, lakini kashfa hiyo iliaminiwa kwa karne tatu.

Picha nayo ni hati, ila lazima uigeuze nyuma. Kule kuna mihuri, namba za minada, lebo za wauzaji. Na kule nako wanadanganya: Wolfgang Beltracchi, mghushi wa Ujerumani, alibandika lebo bandia za muuzaji Alfred Flechtheim kwenye picha zake. Kilichomkamata ni rangi nyeupe yenye titani ndani ya picha iliyodaiwa ni ya mwaka 1914, wakati rangi hiyo ilikuwa bado haijafika kwa wachoraji. Mwaka 2011 akahukumiwa kifungo Cologne.

Wanaouliza namna ya kuingia kwenye kazi hii nawaambia wajifunze kusoma mwandiko wa zamani kabla ya kujifunza nadharia, na lugha ya nyaraka kabla ya lugha ya makongamano. Kipato chenyewe ni cha kuunganisha: kufundisha, kuandika kwa ajili ya maonyesho, malipo ya awali ya mchapishaji ambayo huisha kabla ya utafiti.

Ukiandika juu ya mchoraji aliyefariki karibuni, kuna warithi. Katika nchi nyingi hakimiliki huendelea miaka 50 au 70 baada ya kifo, kwa hiyo wao ndio wanaoamua picha ipi ichapwe. Mimi huomba ruhusa hizo kwa maandishi kabla ya kuanza sura ya kwanza. Mrithi aliyechukizwa na yale uliyosema kuhusu ndoa ya baba yake hana haja ya kwenda mahakamani. Anakunyima picha tu, na mchapishaji anakupigia simu kuuliza kitabu cha sanaa kisicho na picha kitauzwa kwa nani.