"Wamenunua" nini hasa? Studio, mfululizo na haki

Kila zikizuka tetesi kwamba kampuni fulani kubwa ya teknolojia inatafuta studio za gemu, sentensi ni ileile: "Jamaa wananunua gemu fulani." Ukinunua gemu wewe, umepata nakala. Kampuni yenye mabilioni hainunui nakala. Kitenzi kununua kinadai yambwa, yaani kitu kinachonunuliwa, na katika biashara hii yambwa ndiyo habari yenyewe. Bila hiyo, tetesi haiwezi hata kuitwa kweli au uongo.

Maana yenyewe ni fupi. Ununuzi wa studio ni kampuni moja kupata hisa za kutosha za kampuni nyingine, zaidi ya nusu na mara nyingi zote, hata ikawa na kauli ya mwisho juu yake. Baada ya hapo swali ni ndani ya kampuni hiyo mna nini, na hapo ndipo wengi wanapoteleza.

Lawama kiasi fulani ni ya maneno tunayotumia. Mfululizo limetokana na kufululiza, yaani kwenda bila kukatiza. Linaeleza vizuri jinsi gemu zinavyofuatana, ya kwanza, ya pili, ya tatu, lakini halisemi mali ni ya nani. Wengine husema franchaizi wakidhani limekaa kitaalamu zaidi. Neno hilo lilitoka Kifaransa cha zamani likapitia Kiingereza, na maana yake ya awali ni uhuru au ruhusa maalumu aliyopewa mtu. Kwenye mikahawa yenye jina moja na matawi mengi bado lina maana hiyo: mwenye mkahawa amepewa ruhusa ya kutumia jina la mwingine, na analilipia. Kwenye gemu limegeuka, likawa jina la mali yenyewe. Neno la mpangaji limehamia kwa mwenye nyumba, kisha tunashangaa watu wanapochanganya leseni na umiliki.

Neno linalotufaa tunalo: hakimiliki. Limeunganishwa kutoka haki na miliki, yote mawili ya asili ya Kiarabu, na mzizi wa hilo la pili ndio uliotupatia pia milki, malkia na mamlaka. Uhusiano huo una kazi hapa. Anayemiliki ndiye mwenye mamlaka ya kuamua gemu ijayo itengenezwe au isitengenezwe, na nani aitengeneze. Studio ni fundi. Fundi anaweza kuwa na mali yake, au akawa anajenga kwenye kiwanja cha mtu.

Tena kinachoitwa mfululizo si kitu kimoja. Ni furushi: hakimiliki ya msimbo wa programu, ya michoro, ya muziki na ya hadithi, alama ya biashara inayolinda jina, wakati mwingine hataza (haki ya uvumbuzi), na rundo la mikataba na wachapishaji, wanamuziki, waigizaji wa sauti na wenye injini ya gemu, yaani programu ya msingi ambayo gemu hujengwa juu yake. Vitu hivi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Ndiyo maana kabla ya kutia saini mawakili hupekua mkataba mmoja mmoja. Leseni nyingi zina kifungu kinachosema kampuni ikibadilisha mmiliki, mwenye leseni anaweza kuivunja au kudai masharti mapya. Mchoraji wa nje ambaye hakuwahi kusaini kuhamisha haki za michoro yake anaweza kuchelewesha dili zima.

Njia ya kununua nayo ina uzito. Ukinunua hisa, kampuni inakuja nzima, madeni na kesi zake ndani. Ukinunua mali tu, unachagua unachotaka, lakini mikataba inabidi ihamishwe mmoja mmoja kwa ridhaa ya upande wa pili.

Mwaka 2002 Microsoft iliinunua studio ya Rare ya Uingereza kwa dola milioni 375. Rare ndiyo iliyotengeneza Donkey Kong Country, na wachezaji wengi waliamini sokwe yule amehamia Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft. Hakuhama. Donkey Kong ni mali ya Nintendo na alibaki huko, wakati Banjo-Kazooie na Perfect Dark viliondoka na Rare. Na baada ya kununuliwa, Rare iliendelea kwa muda kutengeneza gemu za Game Boy Advance, kifaa cha Nintendo, kwa kuwa Microsoft haikuwa na kifaa cha mkononi cha kushindana nacho.

Kinyume chake kilitokea Januari 2014. Microsoft ilinunua haki za Gears of War kutoka Epic Games bila kuinunua Epic. Studio ilibaki huru na mfululizo ukaondoka, ukakabidhiwa mafundi wengine. Bungie, studio iliyotengeneza Halo, nayo ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2000, ikatoka na kuwa huru mwaka 2007, na Halo haikutoka nayo. Sony ilipokuja kuinunua Bungie kwa dola bilioni 3.6, dili lililotangazwa Januari 2022, ilipata Destiny, gemu nyingine ya Bungie, ambayo studio hiyo ilikuwa imebaki na haki zake ilipoachana na mchapishaji wake Activision mwaka 2019. Halo haikuwamo hata kwa senti moja. Katika bei hiyo, takriban dola bilioni 1.2 zilitengwa kuwashawishi wafanyakazi wasiondoke. Hakimiliki hukaa kwenye makaratasi, lakini ustadi huenda nyumbani kila jioni.

Mfano ninaoupenda ni Tango Gameworks ya Japani, kwa jinsi ulivyokatwa vipande. Microsoft iliipata ilipoinunua ZeniMax, kampuni mama ya studio hiyo, ikatangaza kuifunga Mei 2024, na Agosti mwaka huohuo Krafton ya Korea Kusini ikawachukua watu wa studio pamoja na haki za Hi-Fi Rush. The Evil Within na Ghostwire: Tokyo, zilizotengenezwa na studio hiyohiyo, hazikuuzwa. Sasa jibu: Krafton ilinunua "gemu za Tango"?

Leseni ni jambo jingine kabisa. Sony iliinunua studio ya Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, mwaka mmoja baada ya gemu yao ya Spider-Man kutolewa kwenye PlayStation, mashine ya Sony. Spider-Man mwenyewe ni wa Marvel, na Marvel ni ya Disney. Ratchet & Clank, kwa upande wake, ilikuwa tayari mali ya Sony miaka yote Insomniac ilipokuwa studio huru. Desemba 2022 Amazon ilitangaza kwamba itachapisha gemu mpya ya Tomb Raider, na baadhi ya watu wakaandika kuwa Amazon imemnunua Lara Croft, shujaa wa gemu hiyo. Aliyenunua alikuwa kampuni ya Embracer, mwaka huohuo, katika dili la dola milioni 300 lililojumuisha studio za Crystal Dynamics na Eidos-Montréal, na haki za Tomb Raider na Deus Ex. Amazon ilikuwa mchapishaji. Kuchapisha ni kugharimia, kutangaza na kusambaza, si kumiliki.

Upekee, yaani gemu kupatikana kwenye mashine za kampuni moja tu, nao haufuati umiliki kama kivuli. Dili la ZeniMax, dola bilioni 7.5, lilikamilika Machi 2021. Septemba mwaka huohuo Deathloop, gemu ya studio iliyokuwa tayari chini ya Microsoft, ilitolewa kwenye PlayStation 5 na kompyuta, na Xbox ikasubiri mwaka mzima. Mkataba wa zamani na Sony ulinunuliwa pamoja na kampuni, ikabidi uheshimiwe. Minecraft iko mikononi mwa Microsoft tangu 2014 na inachezwa karibu kila mahali.

Tukirudi kwenye tetesi, wapo wanaozitetea kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye ununuzi wa kampuni methali hiyo inatoa nusu ya jibu, kwa kuwa kinachokuja mara nyingi si kile kilichosemwa. Kuna hamu, kuna mazungumzo, kuna barua ya nia, kuna mkataba uliosainiwa, na kuna dili lililokamilika. Barua pepe ya mwaka 2020 ya Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, iliyovuja Septemba 2023 katika nyaraka za kesi, ilionyesha anavyoitamani Nintendo. Ilikuwa hamu. Ofa ni kitu kingine.

Mkataba ukisainiwa, ukimya huisha kwa lazima. Marekani, kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hutakiwa kutoa taarifa rasmi ndani ya siku 4 za kazi baada ya kuingia mkataba mkubwa wa namna hiyo. Hata hapo neno sahihi ni "imekubali kununua". Microsoft ilitangaza kuinunua Activision Blizzard tarehe 18 Januari 2022, dola 95 kwa hisa, jumla dola bilioni 68.7. Dili lilikamilika tarehe 13 Oktoba 2023. Katikati, mamlaka ya ushindani ya Marekani ilikwenda mahakamani kulizuia ikashindwa kupata zuio, na ya Uingereza ililikataa kabisa Aprili 2023. Liliponyoka baada ya kuundwa upya: haki za kurusha gemu za Activision kupitia wingu, yaani kuzicheza moja kwa moja kwenye intaneti bila kuzipakua, nje ya eneo la kiuchumi la Ulaya zilikwenda kwa kampuni nyingine ya gemu, Ubisoft, zikihusu gemu zilizopo na zitakazotoka ndani ya miaka 15. Yaani hata aliyelipa bilioni 68.7 hakuondoka na furushi zima.

Kwa hiyo mtu akikuambia Sony waliinunua studio ya FromSoftware, usimwite mwongo, amezidisha tu. Mwaka 2022 Sony ilichukua asilimia 14.09 ya hisa za studio hiyo, kampuni tanzu ya Tencent ikachukua 16.25, na Kadokawa, kampuni mama ya studio, ikabaki na karibu 70. Novemba 2024 ikaripotiwa kuwa Sony iko kwenye mazungumzo ya kuinunua Kadokawa yenyewe, na Kadokawa ikakiri kupokea barua ya nia. Mwezi mmoja baadaye lililotangazwa ni ushirikiano: Sony iliongeza hisa mpya za takriban yeni bilioni 50 na kufikisha karibu asilimia 10 ya Kadokawa. Kwa usahihi, mwambie aseme "Sony ina hisa FromSoftware na kwa mzazi wake". Na akiuliza basi Bloodborne, gemu ya studio hiyo, ilinunuliwa lini, mjibu taratibu kwamba hiyo haikuhitaji kununuliwa. Fundi alikuwa FromSoftware, lakini kiwanja kilikuwa cha Sony tangu mwanzo.