Kabla hujanunua shokapu mpya, fungua linki

Wiki mbili zilizopita pikipiki ya spoti, Suzuki GSX-R750 ya mwaka 2006, iliingia gereji ikiwa juu ya Kirikuu. Mwenyewe, kijana mmoja, alishaamua tayari. "Fundi, shokapu ya nyuma imekufa. Nimeshaongea na mtu aniletee nyingine." Akaniambia kila akivuka tuta barabara ya Bagamoyo, nyuma inampiga kiunoni, na kwenye kona yenye lami ya mawimbi pikipiki inayumba hadi anaachia mafuta. Nikamwomba asitume hela mpaka nimpigie simu.

Nilimwomba hivyo kwa sababu pikipiki nyingi za spoti zinazoletwa kwangu kwa kesi ya "shokapu imekufa" zina ugonjwa mahali pengine. Shokapu ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayolaumiwa.

Kwenye pikipiki hizi shokapu ni moja, imesimama katikati, na mara nyingi haikufungwa moja kwa moja kwenye swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Kati ya viwili hivyo kuna linki: kipande cha pembe tatu na vijiti viwili vifupi vinavyokishika. GSX-R750 ya kwanza kabisa, ya 1985, nayo ilikuwa na linki. Kazi yake ni kuzidisha. Gurudumu likipanda milimita 2 hivi, shokapu inabonyea karibu milimita 1, na kadiri gurudumu linavyozidi kupanda ndivyo uwiano huo unavyobadilika, nyuma ikawa ngumu taratibu badala ya kugonga mwisho ghafla. Ila hesabu hiyo yote inategemea viungo vinavyozunguka juu ya beringi ndogo za sindano, na viungo hivyo vimekaa chini kabisa, mbele ya tairi, penye matope, maji na mchanga.

Huku pwani ongeza chumvi ya hewa. Ongeza pia mashine ya presha ya kwenye kuosha magari, ambayo mtu anaielekeza kwenye linki kwa karibu ili ing'ae. Maji yanapita kwenye sili, yanakaa ndani, na grisi ya kiwandani inageuka tope la kahawia.

Ukitaka kuikagua, stendi ya kawaida ya nyuma haifai. Stendi ile inashika swingamu, kwa hiyo uzito wa pikipiki unabaki juu ya shokapu. Ukichomoa bolti hapo, fremu inashuka na pikipiki inakulalia. Mimi ninaifunga fremu kwa mikanda miwili kwenye boriti ya paa, jeki inakaa chini ya injini kama msaada, mpaka gurudumu la nyuma linaning'inia. Kisha ninashika tairi kwa chini na kulinyanyua polepole kwa vidole, si kwa nguvu. Beringi zikiwa nzima, shokapu inapokea mkono mara moja. Zikiwa zimelika, tairi linapanda kidogo bure, unasikia "tk", ndipo shokapu inaanza kupokea.

Hii ya kijana ilikuwa mbaya kwa namna nyingine: haikuwa na "tk", ilikuwa imeganda. Nilipotoa bolti ya pili, bushi ya chuma ya ndani ilikataa kutoka, nikaipaka mafuta ya kulainisha nikaiacha ilale. Asubuhi ilitoka ikiwa na mistari iliyochimbika, kila sindano ya beringi na mstari wake. Sindano zenyewe zikamwagika kiganjani pamoja na unga mwekundu kama wa tofali. Linki ya namna hiyo haizunguki mpaka ipigwe kwa nguvu. Lile pigo la kiunoni lilianzia hapo: tuta linapiga, linki imekataa, pigo linapita kwenye fremu hadi kwenye kiti.

Tulibadilisha beringi, bushi na sili zote za linki. Nilipaka grisi nzito isiyooshwa na maji, nikaijaza katikati ya sindano kwa kidole, maana kuipaka juujuu hakusaidii. Bolti zikakazwa kwa spana ya kipimo kufuata namba za kitabu cha pikipiki. Hapa sikubali kukisia kwa mkono.

Ndipo tukapima. Wenzangu wengi huruka hatua hii, nami inaniuma kila nikiona, kwa sababu inahitaji futi ya mkanda na watu watatu tu. Unabandika alama mkiani, wima juu ya ekseli ya nyuma, na kila mara unapima kutoka ekseli hadi kwenye alama. Kipimo cha kwanza, gurudumu linaning'inia. Cha pili, pikipiki imesimama yenyewe. Cha tatu, mwenyewe amekaa mkao wake wa kuendesha, kavaa helmeti, jaketi na buti. Kila mara ibonyeze uiachie upime, kisha inyanyue uiachie upime tena, na uchukue wastani, kwani msuguano wa sili unaweza kukudanganya milimita kadhaa. Kwa barabarani ninapenda nyuma ishuke milimita 5 hadi 10 kwa uzito wake yenyewe, na 30 hadi 35 mwenyewe akikaa.

Yeye alikuwa na 0 na 32. Ukiangalia 32 peke yake utasema iko sawa. Aliyemtengenezea mwanzo aliona hivyohivyo, akakaza nati za springi karibu na mwisho na kumwambia sasa imekuwa ngumu. Haikuwa ngumu. Kukaza nati hakubadilishi ugumu wa springi hata kidogo. Kunanyanyua nyuma ya pikipiki tu. Nati ikishuka milimita 5, mkia unapanda kama milimita 10. Springi inayohitaji milimita 33 kwa uzito fulani itaendelea kuzihitaji. Umehamisha tu mahali zinapoanzia. Ile 0 ndiyo yenye habari. Pikipiki isiyoshuka kabisa kwa uzito wake haina nafasi ya kufuata shimo kwenda chini: shokapu inanyooka hadi mwisho na kugonga, tairi linaachia lami. Mtu akiona hivyo anadhani springi ni ngumu mno, kumbe ni laini mno kwa uzito wa mwendeshaji, imekazwa ili kuficha. Kijana huyu na mavazi yake ni kilo 95, na springi ya kiwandani huchaguliwa kwa mtu mwepesi zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tuliagiza springi peke yake, ngumu zaidi kwa N/mm 10 (nyutoni kwa kila milimita inayobonyea). Nati zikalegezwa, tukapima tena: 6 na 34.

Ilibaki oili. Shokapu ya aina hii ina oili ndani na gesi ya naitrojeni inayoibana, kwa kawaida kwenye presha ya bar 10 hivi, ili oili isitoe povu pistoni inapokwenda mbio. Gesi ikivuja, nyuma inakuwa nzuri dakika za mwanzo, halafu oili inapopata joto inaanza kuchezacheza kama mtumbwi. Dalili hiyo ikiwepo, na hasa ukiona unyevu wa oili kwenye fimbo, hapo ndipo shokapu yenyewe ina kesi. Tafadhali usiifungue nyumbani. Presha ile inaweza kurusha kifuniko usoni. Ya kijana ilikuwa kavu, na ukibonyeza kiti kilirudi taratibu kwa mwendo mmoja, bila kudunda. Nilirekebisha skrubu inayodhibiti kasi ya shokapu kurudi, kliki mbili tu, kwa ajili ya springi mpya, nikamwandikia namba zote kwenye karatasi, zikihesabiwa kutoka skrubu ikiwa imefungwa kabisa.

Wapo wanaostahili shokapu mpya, na ya kampuni ya Öhlins au nyingine nzuri utaisikia tofauti yake siku ya kwanza. Lakini iagize ikiwa na springi ya uzito wako. Na usikubali iliyotoka pikipiki nyingine kwa sababu matundu ya bolti yanaingia. Ikizidi urefu kwa milimita 5, mkia umepanda 10, pembe ya fokoo za mbele imesimama zaidi, na usukani unakuwa mwepesi kwa namna usiyoitaka ukiwa kwenye kilomita 120 kwa saa.

Mkia ukibadilika kimo, cheni nayo hubadilika mkazo. Tuliikagua akiwa amekaa juu, tukailegeza kidogo, akaondoka. Nimemwambia arudi baada ya kilomita 500 nikague bolti za linki, na kwamba ile mashine ya presha iishie kwenye rimu.